Kandarasi ya matibabu gerezani: boti atalipia nani?

Hati za kandarasi ya matibabu gerezani ninazoletewa nizipitie huwa na kurasa tele za madaktari, dawa na maabara. Usafiri wa mgonjwa hupewa mstari mmoja, basi. Mimi huanza kusoma kwenye mstari huo.

Chukua Lamu. Hadi 1984 jela ilikuwa ndani ya Ngome, katikati ya mji. Siku hizi gereza liko Hindi, bara, na hospitali ya King Fahd iko kisiwani. Mfungwa akishikwa na tumbo usiku wa manane, apandishwe gari hadi Mokowe, ashushwe jeti, avushwe kwa boti, na askari juu yake. Gari la nani? Mafuta ya boti yatoke kwenye vocha ipi? Nahodha ataamshwa na nani, na bahari ikichafuka wakati wa kusi je? Njia ya nchi kavu ipo, ya kwenda hospitali ya Mpeketoni, lakini mkataba usipoitaja, afisa wa zamu atabaki kupiga simu huku mgonjwa anagaragara.

Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, imeyaweka magereza kwa serikali kuu. Hospitali za kaunti na ambulansi ni za kaunti. Kwa hiyo mfungwa ni wa huyu, kitanda ni cha yule, na kila mmoja ana pa kumsukumia mwenziwe bili.

Nikikuta kifungu kinachosema "mgonjwa atapewa rufaa kwa wakati ufaao", nakifuta. Naandika: "Tabibu wa zamu akiandika rufaa ya dharura, mkuu wa gereza atatoa gari na askari ndani ya dakika 30. Chombo cha baharini kitalipiwa na Idara ya Magereza. Saa ya rufaa na saa ya kuondoka zitaandikwa kwenye daftari moja." Daftari hilo ndilo litakaloamua ugomvi baadaye, maana si haki kuikata hospitali pesa kwa kliniki iliyokosekana kwa sababu askari wote walipelekwa kortini. Kanuni za Mandela za 2015, za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, namba 27, zinasema uamuzi wa kitabibu haupinduliwi na askari. Sawa, lakini uamuzi huo haujazi tangi la mafuta.

Kuhusu malipo, mvutano ni kati ya kulipa kwa kichwa, yaani bei moja ya mkupuo kwa kila mfungwa, na kulipa kwa kila huduma. Marekani matibabu ya magereza mengi yamepewa kampuni binafsi, na bei ikiwa ya mkupuo, kila mgonjwa asiyepelekwa hospitali ni faida. Hata hivyo biashara yenyewe haikutulia: madeni ya Corizon, moja ya kampuni hizo, yaliishia mahakama ya ufilisi 2023, Wellpath ikafuata 2024. Norway ilishayakabidhi matibabu ya wafungwa kwa serikali za mitaa tangu 1988, na ndiyo njia inayonivutia. Kwa gereza la ukubwa wa Hindi, bei ya mkupuo nisingeikubali kwa rufaa. Mgonjwa mmoja wa figo anatosha kuimaliza. Kliniki ya ndani ilipwe kwa mwezi, rufaa zilipwe moja moja.

Gereza la Malindi halihitaji boti, lakini kuna methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini. Kliniki yake iko hospitali ya kaunti ndogo, na dozi hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mahabusu akiingizwa Ijumaa jioni, mkataba useme Jumamosi asubuhi nani anampeleka, au nani anamletea.

TB nayo ina shida ya kinyume. Matibabu ni miezi sita kwa kawaida, na mahakama haingoji: mtu anakwenda kortini asubuhi, anapewa dhamana, anashika njia ya kwao Magarini, dawa zake zimebaki kabatini gerezani. Kifungu ninachokidai ni kifupi. Kila mahabusu wa TB aende kortini na dawa za wiki mbili na barua yenye jina la kliniki iliyo karibu na kwao, na nambari ya simu ya muuguzi atakayempokea.