Machozi Yako Waachie Wafiwa

Juzi nimepokea ujumbe wa sauti wa dakika nne. Kijana aliyekuja kwenye usaili wa kikundi chetu cha maigizo kwa msimu ujao anataka kujua kwa nini hakuchukuliwa. "Mwalimu, mimi nililia mpaka kamasi ikanitoka. Yule mliyemchukua hata kope hazikulowa. Sasa nyinyi mlikuwa mnatafuta nini?"

Ni swali la haki, na wala simlaumu kwa kuuliza. Ila huyu ni wa tano mwaka huu, na wote watano wamenipimia uigizaji kwa mililita. Kwa hiyo leo naandika mara moja, ili wa sita nimtumie kiungo nikalale.

Nianze na matatu, yaani gari letu, kwa sababu kila kitu kinaanza na matatu. Mchana tunapeleka tamthilia ya setibuku (kitabu kinachotahiniwa) kwenye shule za sekondari: Mombasa, Kwale, Kilifi, na tukipata mwaliko wa maana tunapanda hadi Voi. Tunasafiri kwa nisani ya viti kumi na vinne. Kiti chote cha nyuma kinaliwa na pazia, spika na masanduku mawili ya maleba. Hao ni watu wanne wamekwenda. Toa dereva, nitoe mimi. Wamebaki wanane. Tamthilia yenyewe ina wahusika kumi na kitu. Sikuwapunguza mimi waigizaji kwa falsafa yoyote ya sanaa, wamepunguzwa na nisani.

Ndiyo maana ukiniambia "mimi nimekuja kwa ajili ya mhusika mkuu" nakuandika pembeni ya karatasi alama ambayo si nzuri. Mhusika mkuu huyo huyo, onyesho la tatu, atakuwa mlevi wa sokoni, na onyesho la tano atasukuma spika. Nataka mtu anayeweza kutoka akiwa mzee wa kijiji na kurudi akiwa askari ndani ya muda ambao mwenzake anasema mistari minne. Asibadili kofia tu. Abadili magoti, pumzi, mahali anapotazama.

Jambo la pili ni la haraka: usiongeze maneno. Najua unaweza. Najua shuleni wanafunzi walicheka. Lakini waliokaa pale mbele ni Kidato cha Nne, na kwenye mtihani watawekewa dondoo na kuulizwa "eleza muktadha wa dondoo hili". Mstari wako wa kubuni ukimkaa mtoto kichwani kuliko mstari wa kitabu, umemwibia alama. Walimu hutupigia simu kwa jambo hilo, na hawapigi kwa upole.

Sasa sauti, na hapa mtanivumilia kidogo.

Jukwaa letu la kawaida ni bwalo la chakula. Mabati juu, madirisha bila vioo, jikoni sufuria zinagongana, na mwezi wa Mei mvua ikishuka hata kengele ya shule husikii. Wanafunzi mia tano, mia sita, wamejipanga kwenye mabenchi. Waigizaji wengi wakiliona bwalo hilo huamua kupiga kelele. Kelele inapanda kwenye mabati, inarudi, inakutana na neno linalofuata, na yule mtoto wa benchi la mwisho anapata ugali wa irabu.

Kinachoniudhi zaidi ya kelele ni silabi ya kwanza. Kiswahili kimeweka roho ya kitenzi mlangoni kabisa. "Nitakwenda" na "sitakwenda" zinatofautiana kwa silabi moja, tena ya mwanzo. Mwigizaji aliyechelewa kuvuta pumzi huanza kusema kabla sauti haijakaa, basi ile "si" inafia kooni na bwalo zima linasikia "...takwenda". Shujaa amekataa kusaliti kijiji. Hadhira imesikia amekubali. Mkia nao una hila zake: "amepiga" na "amepigwa" ni watu wawili tofauti mbele ya hakimu, na tofauti yao yote imebebwa na kile kijisauti cha "w" ambacho mtu mwenye haraka hukimeza. Kwa hiyo ukiniona kwenye usaili nimefumba macho wakati unasoma, sijalala. Nasikiliza kama viambishi vyako vinafika ukutani. (Saa nane mchana, baada ya pilau, inawezekana nimelala. Nitalirudia hilo.)

Turudi kwenye machozi. Yanaonekana benchi la kwanza na la pili, basi. Kuanzia benchi la tatu wewe ni mtu mwenye uso unaong'aa. Tena kilio cha kweli huziba pua, na pua ikiziba "m" inakuwa "b", "mama" anakuwa "baba", tamthilia inageuka kichekesho. Nadhani imani hii tumeipata kwenye runinga, ambako kamera inakufuata hadi puani na chozi moja linajaza kioo. Huko ni sawa. Mimi sina kamera, nina bwalo.

Halafu kuna onyesho la jioni, na hili ndilo lililomfanya yule kijana akose usingizi. Kwa msimu huo tumechagua pia Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ile ya mwaka 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji. Nilipotangaza tu, nilijua kitakachonipata. Wanaume wote, na wanawake watatu, walikuja kusoma sehemu ya Kinjeketile mwenyewe akiwa amepandwa na pepo. Nimeona watu wakigaragara sakafuni kutoka asubuhi hadi alasiri. Mmoja alivunja kiti cha kukodi. Yule kijana wangu alikuwa wa kumi na saba kugaragara, na nakiri alikuwa anagaragara vizuri.

Lakini hebu fikiri. Mtu mmoja anasema ana maji ya kuzuia risasi. Kinachoifanya kauli hiyo iwe ya kutisha si jinsi anavyotetemeka yeye, ni nyuso za wanaomsikiliza. Kuna anayeamini, kuna anayetaka kuamini, na kuna Kitunda, ambaye shaka inamtafuna. Kitunda akisikiliza vibaya, Kinjeketile ni kichaa wa kijiji. Akisikiliza vizuri, hadhira nzima inaingiwa na baridi. Na hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kuomba kusoma Kitunda. Hata mmoja!

Niwaonyeshe ninachokitafuta. Dada mmoja alikuja kusoma sehemu ya Bibi Kitunda, mke wa Kitunda. Nilimpa ungo mtupu, nikamwambia apepete huku akizungumza na mwenzake. Alipokuwa anasema mistari yake, alikuwa wa kawaida, sikuandika kitu. Kisha mwenzake akaanza kueleza taabu za nyumbani kwake. Dada yule aliendelea kupepeta, tiki, tiki, mara mkono ukasita. Hakumtazama mwenzake. Vidole vikaanza kutafuta kitu ndani ya ungo ambao haukuwa na kitu. Chumba kizima tukawa tunautazama ungo mtupu. Hakusema neno, hakulia, na nilimwandika kabla hajafika mwisho wa ukurasa.

Ndiye huyo ambaye kope zake hazikulowa.

Kitu kingine ambacho watu hukielewa kinyume: nikikwambia "hebu rudia, lakini sema kama kuna mtoto amelala chumba cha pili", sijasema ulikosea. Mara nyingi ninawarudisha wale walionivutia. Nataka kuona kama unabadilika. Wengi huomba radhi, kisha hurudia kile kile kwa sauti kubwa zaidi, na yule mtoto anaamka. Kijana wangu alirudia kulia. Nilimwambia: sasa sema ukiwa na haya. Akalia kwa haya.

Kuhusu ile lawama nyingine, kwamba "nafasi zimeshagawanywa, usaili ni wa kuzuga". Nikiikana yote nitakuwa mwongo. Kati ya viti vinane, vinne nilikuwa najua wenyewe kabla sijabandika tangazo. Ni watu niliofanya nao kazi, najua hawatapotea siku ya Kilifi, najua nani anatapika garini. Vinne vilivyobaki vilikuwa wazi kweli, na hata vile vya wenyewe havina uhakika, maana mwaka jana mmoja alipata kazi ya runinga na mwingine akaolewa Malindi katikati ya muhula. Je, ni haki kwa mgeni? Sijui. Nikiwachukua wageni wanane, mazoezi yatachukua muda ambao hatuna fedha ya kuulipia. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na bado sina jibu ninaloweza kulisema mbele ya kijana aliyetoka Mariakani kwa nauli ya kukopa.

Na hayo si yote. Dakika tano haziwezi kunionyesha mtu. Niliwahi kumchukua jamaa aliyetuacha midomo wazi kwenye usaili. Wiki ya sita ya mazoezi alikuwa pale pale, hakuongeza hata unyoya. Usaili ulikuwa ndio kilele chake. Na kuna dada nilimkataa kwa sababu alisoma kwa kigugumizi karatasi niliyompa papo hapo. Baadaye nilimwona kwenye jukwaa la watu wengine, nikatamani kujificha chini ya kiti. Nilikuwa nimempima kusoma nikidhani nampima kuigiza. Tangu hapo natuma kurasa siku moja kabla, ingawa sasa nina wasiwasi kwamba wanakuja wamezikariri mpaka zimekauka. Na ndiyo, wanaosoma baada ya chakula cha mchana hawapati nusu ya masikio waliyopata wa saa tatu asubuhi. Nimejaribu kahawa.

Kitunda bado sijampata. Tunakutana tena Jumamosi saa tatu kamili, na kijana wangu nimemjibu kwa maandishi, maneno machache: njoo usome Kitunda, mistari yako ni michache, muda mwingi utakuwa umekaa tu unamsikiliza mwenzako. Alama za buluu zimeonekana tangu jana usiku. Hajajibu.