Si kila kinachowasha kwapani ni fangasi

Joto la Kisumu mnalijua, ukiwashwa kwapani, kwa kinena ama chini ya matiti unajiambia ni fangasi tu, unaingia duka la dawa unaitisha tyubu. Mimi nilifanya hivyo karibu miaka miwili, kumbe ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaotokana na kinga ya mwili.

Ati soriasisi lazima iwe na magamba meupe. Kwa viwiko na magoti, sawa. Lakini penye mikunjo jasho linayalainisha yanatoka, unabaki na baka laini linang'aa, mpaka wake unaonekana wazi, saa zingine katikati pamepasuka. Na kwa ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu peke yake, linaweza kuwa la zambarau ama kahawia iliyokolea. Angalia pia kucha kama zina vishimo vidogo vidogo, nyuma ya masikio na katikati ya makalio. Fangasi nayo inaweza kuingia juu yake, ndo maana daktari anakwangua ngozi kidogo aipime.

Ati ni uchafu, ati utaambukiza bwanako. Hapana kabisa! Ni kinga ya mwili imechanganyikiwa, ngozi inayojibadilisha kwa kama mwezi inafanya hiyo kazi kwa siku chache. Kujisugua na sabuni kali kunachokoza zaidi.

Ati dawa kali ndo inaponya haraka. Hapa nawaomba msikize. Zile tyubu zimechanganya dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho) kali kama betamethasone, unapaka siku tatu unaona umepona, ukiacha inarudi, unanunua ingine, na juu ngozi ya mikunjo ni nyembamba na imefunikwa dawa inaingia sana, ngozi inakonda, inatoka michirizi ambayo haiendi tena. Kama ni fangasi kweli, steroidi inaificha tu huku inasambaa. Daktari wa ngozi mara nyingi huanza na steroidi hafifu kwa muda mfupi, ama tacrolimus, dawa ya kupaka ambayo si steroidi na haikondeshi ngozi, ingawa siku za kwanza inachoma. Soriasisi haiponi ikaisha kabisa lakini inatulia, yangu imetulia.

Vidole vikivimba ama viungo vikikaza asubuhi, sema, juu soriasisi inaweza kuingia hadi kwa viungo. Na uonyeshe kila mahali, mimi nilionyesha kwapa nikaficha kinena kwa aibu, nikatibiwa kwapa peke yake.