Kichanga haelewi kitu? Anasikia tangu tumboni

Wengi tumekua tukisikia kwamba kumsomea mtoto mchanga ni kupoteza muda: hajui hata kusema, ataelewa nini? Lakini mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni. Mwaka 1986, watafiti wa Marekani DeCasper na Spence walionyesha kuwa vichanga walipendelea hadithi ambayo mama zao waliisoma kwa sauti wiki 6 za mwisho za ujauzito kuliko hadithi ngeni. Maneno hawakuyaelewa, mdundo waliutambua. Ndiyo maana nyimbo za bibi za kubembeleza si za kulaza tu. Mwenye miezi 8 akitia mdomoni kitabu cha kurasa ngumu, mwache, ndivyo anavyokichunguza. Mwonyeshe paka, sema "nyau", kisha nyamaza kidogo. Tazama midomo yake inavyohangaika kukujibu.