Je, wajua kwa nini tumbo hukata mtoto anaponyonya?

Mwanamke aliyejifungua jana anampakata mwanawe, anamtia titi mdomoni, na punde anakunja uso: tumbo linamkata chini ya kitovu utadhani uchungu umerudi. Bibi aliye karibu atasema hilo ni chango. Mwingine atasema ni damu iliyobaki inatafuta njia, na hapo maji ya kumkanda yanabandikwa jikoni.

Kinachouma ni mji wa mimba unaojikaza. Mtoto akinyonya, mishipa ya fahamu kwenye chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, na tezi iliyo chini ya ubongo humwaga homoni iitwayo oksitosini. Homoni hiyo husukuma maziwa yatoke na papo hapo huukaza mji wa mimba. Ndiyo hiyo hiyo wakunga humchoma mzazi sindano ya paja mara tu mtoto anapotoka.

Unajikaza kwa nini? Mimba ikikomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita humo kila dakika, nyingi ikielekea kwenye kondo la nyuma. Kondo likibanduka, mishipa iliyolilisha hubaki wazi. Wa kuiziba ni misuli: nyuzi zake zimepishana huku na huku kuizunguka mishipa hiyo, zikijikaza huibana. Ndiyo maana nesi hubonyezabonyeza tumbo la mzazi. Anatafuta kitu kigumu kama mpira, karibu usawa wa kitovu. Akikuta pamelegea, lazima aharakishe, maana damu inaweza kumwagika nyingi mno. Siku hiyo mji wa mimba una kilo 1 hivi. Baada ya wiki 6 haufiki hata gramu 100.

Mwenye uzao wa kwanza huenda asisikie lolote. Mwenye watatu au wanne ndiye anayeuma meno, kwa kuwa misuli iliyokwisha kutanuka mara kadhaa hukaza na kulegea, hukaza tena na kulegea. Kwa kawaida maumivu hupungua ndani ya siku chache.

Asiache kunyonyesha kwa ajili hiyo. Akojoe kwanza, kwani kibofu kilichojaa huusukuma mji wa mimba juu na kuuzuia kukaza vizuri. Parasetamoli haimdhuru mtoto anayenyonya. Uji wa pilipili manga anywe, anahitaji maji na chakula. Lakini kukandwa kwa maji yanayotokota siungi mkono, hata kama mkandaji ni mama mkwe: yanaunguza ngozi, wala hayamzidi mtoto anayenyonya kwa kazi ya kuukaza mji wa mimba.

Pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, yakitoka mabonge makubwa ya damu, homa ikipanda, uchafu ukitoa harufu mbaya, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, hilo si chango. Apelekwe hospitali usiku huo huo.