Boti 22 kwa nchi 12: visiwa vya Pasifiki vilivyopata doria ya baharini

Watu wengi wakisikia meli ya doria wanawaza mizinga na spidi. Mimi leo nataka tuongee vipuri na mafundi, maana doria nyingi zinafia hapo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 uliipa nchi yenye pwani haki juu ya samaki na rasilimali nyingine hadi maili 200 za baharini. Tanzania iliuridhia 1985, Kenya 1989. Sasa iangalie Kiribati kule Pasifiki: nchi kavu yao yote haifiki hata kilomita za mraba 900 lakini bahari yao inapita milioni 3, jodari kibao, na meli za uvuvi zinatoka mbali kuja kuvua, nyingine na leseni nyingine bila, nani atazifuata? Na kila kisiwa kikijinunulia boti ya aina yake basi kila mmoja anahangaika kivyake, fundi wake, stoo yake, mafunzo yake.

Visiwa vikaomba msaada, Australia ikakubali kujenga boti za muundo mmoja kwa wote. Ya kwanza, Tarangau, ilikabidhiwa Papua New Guinea mwaka 1987, na kufikia 1997 zilishatoka 22 kwa nchi 12. Urefu mita 31.5, spidi kama noti 20, yaani kama kilomita 37 kwa saa, basi. Ninachokipenda sana ni kwamba zilijengwa kwa viwango vya kibiashara, sio vya kijeshi: injini mbili za dizeli za Caterpillar 3516, familia ileile iliyoko kwenye majenereta makubwa na tagi za bandarini (boti za kuvuta meli kubwa), kwahiyo kipuri kinapatikana kwa wauzaji wa kawaida na fundi aliyezoea jenereta la umeme hashangai akishuka chumba cha injini.

Halafu boti hazikuachwa tu gatini. Wanamaji wa Australia walipelekwa kukaa hukohuko visiwani kama washauri, mabaharia wa visiwani wakaenda kusoma chuo cha bahari kule Launceston, Tasmania, hukohuko Australia. Lakini boti ni mali ya nchi yenyewe, inapeperusha bendera yake, na sehemu kama Visiwa vya Solomon wanaoiendesha ni polisi. Kikipiga kimbunga inabeba maji na chakula, mvuvi akipotea inaenda kumtafuta.

Kufanana nako kuna gharama yake, hilo lisemwe wazi. Kizazi cha pili, Guardian, mita 39.5, kilianza kukabidhiwa mwishoni mwa 2018, tena Papua New Guinea ikawa ya kwanza, na 2022 nchi zikaarifiwa kuna nyufa kwenye mfumo wa kutolea moshi wa injini. Muundo ukiwa mmoja, ufa wa boti moja unakulazimu uzikague zote, ingawa ukishapata dawa yake unaitumia kwa zote pia.

Na mafuta je? Hapa ndo bajeti ndogo zinapobanwa, boti nzima kabisa inalala gatini kwa kukosa dizeli. Ndo maana tangu mwisho wa 2017 mpango huu wa Australia umeongezewa ndege za kukodi za kuchunguza bahari, ndege inaona meli yenye mashaka, inatoa taarifa, boti inawasha injini ikishajua inaelekea wapi.