F tatu si nguvu, ni ukubwa wa punje

Jamani, tulimalize hili leo. Baruti nyeusi ya bunduki za kushindilia, zile zinazojazwa kupitia mdomo wa mtutu, huandikwa herufi za F kwenye kopo, na FFFg (F tatu) haina nguvu zaidi kuliko FFg (F mbili). Nimeshalieleza hili shabahani, nimelieleza kwenye simu, na wiki hii nimeulizwa tena na mtu aliyekwisha kununua makopo sita ya F tatu "ili bunduki ipate nguvu". Greni 70 za FFg (greni moja ni kama gramu 0.065) na greni 70 za FFFg zilizotoka kiwanda kimoja na mchanganyiko mmoja zina nishati ile ile: shura karibu asilimia 75, mkaa 15, salfa 10. Kilichotofautiana ni chekeche tu.

Fg ni punje za milimita 1.7 hadi 1.2. FFg ni kati ya 1.2 na 0.6. FFFg ni 0.85 hadi 0.3, na FFFFg ni laini kabisa, 0.4 kushuka hadi 0.15. Mpaka wa FFg na FFFg unaingiliana, kwa hiyo punje nyingi za kopo moja zingeweza kukaa kwenye kopo la pili bila mtu kugundua.

Punje huungua kuanzia nje kwenda ndani. Kilo ya vijiti huwaka upesi kuliko gogo la kilo moja, na hakuna anayesema vijiti vina kuni nyingi zaidi. Punje ndogo hutoa gesi yake mapema, risasi ikiwa bado iko chini karibu na kitako cha mtutu, hivyo shinikizo linapanda ghafla na kilele chake kinakuwa juu. Kasi inaongezeka kidogo, bega linasikia, watu wanasema "kali". Ukali huo ni haraka ya kuungua, na anayeubeba ni mtutu wako.

Kanuni iliyozoeleka ya F tatu kwa bastola na bunduki hadi kaliba .45 (kipenyo cha mtutu kwa inchi), F mbili kuanzia .50, na Fg kwa misketi mikubwa, ni mahali pazuri pa kuanzia. Si sheria ya Musa. Wapigaji wengi wa .50 yenye risasi ya duara hutumia F tatu miaka nenda miaka rudi, ila wanapunguza kipimo kwa asilimia 10 hadi 15 wanapotoka F mbili. Kwenye .58 kwenda juu, yenye risasi nzito, mimi sioni sababu ya kuiacha F mbili. Enfield ya 1853, kaliba .577, ilipewa drami 2½, yaani kama greni 68, na ikafanya kazi yake jeshini. Anayeshindilia greni 120 kwenye bunduki ya aina hiyo anaongeza teke na moshi.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi hasa: imani kwamba F ni F, kopo lolote. Septemba 2021 kampuni ya Hodgdon walitangaza kuifunga GOEX pale Minden, Louisiana, kiwanda pekee cha baruti nyeusi ya michezo Marekani wakati huo. Mwaka uliofuata kampuni ya Estes wakakinunua, lakini katikati hapo watu walihaha. Waliozoea GOEX wakachukua baruti za Ulaya, Swiss au Schuetzen, wakasoma "FFg" kwenye lebo, wakamimina kipimo kile kile. Risasi zikapanda juu ya alama, matundu yakatawanyika, na lawama zikaenda kwa bunduki.

Herufi zile zinakuambia ukubwa wa punje, basi. Hazikuambii mkaa ulitokana na mti gani, mchanganyiko ulisagwa saa ngapi chini ya magurudumu, wala keki ya baruti ilikandamizwa kwa uzito gani kabla ya kuvunjwa kuwa punje. Swiss inatoka Aubonne, Uswisi, na mkaa wake ni wa kichaka cha Frangula alnus. GOEX ilijulikana kwa mkaa wa mti wa maple, ule wenye jani kwenye bendera ya Kanada. Schuetzen ni ya WANO, Ujerumani. Mwaga kidogo ya Swiss juu ya karatasi nyeupe uinamishe: punje zinateremka zote pamoja, zimeviringana, zinang'aa. Baruti iliyong'arishwa kidogo ina kona kali, inakwamakwama na kuacha vumbi la kijivu nyuma yake. Vumbi hilo nalo linaungua, tena haraka kuliko punje, na kila mmimino una kiasi chake tofauti.

Halafu kuna uzito. Kipimo cha shaba, kile kikopo cha kumiminia baruti, kinapima ujazo. Kijaze Swiss hadi mstari wa 70 kisha uiweke kwenye mizani, mara nyingi utakuta imepita 70, kwa kuwa baruti yenyewe imeshindiliwa zaidi. Kwa hiyo umeongeza kipimo bila kujua, na kwa baruti inayoungua haraka zaidi. Kwenye kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, Swiss ya F mbili mara nyingi huenda sambamba na F tatu ya kiwanda kingine. Ndiyo maana ukiniuliza "F ngapi?" bila kunitajia kiwanda, sina jibu la kukupa.

Je, Swiss ndiyo bora? Kwa shabaha ya mbali na risasi ndefu, naichagua. Kwa mita 50 na risasi ya duara, Schuetzen inanitosha kabisa. Wanaosema mkaa fulani huacha masizi laini wanasema kwa uhakika mkubwa kuliko ushahidi walionao. Unyevu wa hewa ya siku hiyo unaonekana kuamua zaidi. Siku kavu, baada ya risasi chache, mdeki, ile fimbo ya kushindilia, unagonga ukingo mgumu pale pale risasi inapokaa, na ukilazimisha, risasi itabaki juu na nafasi tupu chini yake. Hiyo ni hatari, acha. Pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, ndipo ushindilie tena. Kronografu nayo isikuroge: nimeona kipimo chenye kasi zinazolingana vizuri kikitawanya risasi kwenye karatasi, na chenye kasi za kupishana kikizikusanya. Maelezo ya vitabuni hayajaniridhisha.

Ya haraka: FFFFg ni ya kifa cha gumegume, yaani kile kisahani cha baruti ya kuwashia kwenye bunduki ya cheche za jiwe, usiijaze mtutuni. Ingawa hata kifani, F tatu inawaka vizuri, na nina shaka kama kidole cha mpigaji kinaweza kuitambua tofauti. Pyrodex na Triple Seven, zinazotumika badala ya baruti nyeusi, zinahitaji joto zaidi kuwaka, ziache kwa bunduki za fataki, zile zinazowashwa kwa kifuniko kidogo kinachogongwa na nyundo. Baruti isiyo na moshi, ya risasi za kisasa, haiingii kwenye bunduki ya kushindilia hata punje moja. Inapasua mtutu.

Na kwa ndugu zangu wanaonitumia picha za gobore kutoka nyumbani: namba zote hapo juu ni za mitutu iliyotengenezwa kiwandani na kupimwa kwa shinikizo. Gobore lililotokana na bomba la maji halina kipimo salama ninachoweza kukutajia, na baruti ya kienyeji ndani yake ni hatari juu ya hatari. Msiniombe kipimo, sitatoa.

Ukibadilisha kiwanda, anza chini ya kipimo cha chini anachotaja mtengenezaji wa bunduki kwa baruti uliyoizoea, panda greni tano tano, risasi tano kwa kila hatua, na usivuke kiwango chake cha juu hata kundi la matundu kwenye shabaha likiwa zuri. Pima kwa mizani nyumbani ili ujue kipimo chako cha shaba kinabeba nini hasa. Namba ya toleo iliyo kwenye kopo iandike daftarini pamoja na hali ya hewa, kwa sababu hata kiwanda kimoja hubadilika: kopo jipya lenye namba nyingine, shuka greni kumi uanze tena kupanda.