Bajeti ya ukatili majumbani: hesabu ianzie saa 72

Fungu nono la bajeti ya ukatili huishia kwenye Siku 16 za Uanaharakati, 25 Novemba hadi 10 Desemba: fulana, mabango, hema, posho za wageni rasmi. Mimi huanzia kwingine, kwa mwanamke aliyebakwa usiku wa Jumamosi, kisha nahesabu anahitaji nini na lini.

Dawa za kuzuia VVU (PEP) zianze ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, mwisho saa 120. Tatizo mara nyingi si dawa, ni nauli. Kwa hiyo mstari wa kwanza ni nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na siku za marudio na kupima VVU tena. Asiporudi, huenda akaacha vidonge katikati na kituo kisijue. Weka na vocha ya simu, lakini muulize kwanza: namba ipi mumeo haipokei?

Kituo cha Mkono kwa Mkono kinaweka daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Jengo hupata mfadhili haraka, kwa kuwa lina utepe wa kukata. Zamu ya usiku haina utepe. Kituo kikifungwa saa tisa na nusu alasiri, anayekuja saa nne usiku hutumwa polisi kufuata PF3, fomu ya polisi ya kupelekea matibabu, ilhali matibabu ya dharura hayapaswi kuisubiri. Lipia muuguzi na afisa ustawi wa zamu kabla ya kupaka rangi ukuta.

Kuzuia ukatili wenyewe nako kuna muda wake. SASA!, mbinu ya kuihamasisha jamii kuzuia ukatili, ilipopimwa Kampala, utafiti wa 2012, miaka minne baada ya ule wa kwanza, ulikuta ukatili wa kimwili wa wenza uko chini kwa 52% ukilinganisha na maeneo ambayo hayakufikiwa. Kazi ilifanywa na majirani wenyewe, wakijadiliana vibarazani mwaka hadi mwaka. Semina ya siku mbili hotelini haifiki huko.

Halafu kuna kiashiria kinachoua miradi: “matukio yaliyoripotiwa yapungue”. Watu wakianza kuamini huduma, taarifa huongezeka, na mfadhili asiyeelezwa mapema anadhani mmeshindwa. Andikeni badala yake: wangapi walifika ndani ya saa 72, na wangapi walimaliza siku 28.